Grafu Ilisema Asilimia 30: Niliyojifunza Katika Kupima Prosesa na Kumbukumbu za Makontena

Kwa wiki tatu mfululizo grafu moja iliniambia kwamba huduma yetu ya kuandaa ripoti ilikuwa inatumia asilimia 30 tu ya prosesa iliyotengewa, na kwa wiki hizo hizo tatu watumiaji wake walikuwa wakilalamika kwamba ripoti zinachelewa. Niliiamini grafu. Nilikagua hifadhidata, nikakagua mtandao, nikawaomba wenzangu waandike upya sehemu ya programu iliyokuwa ikipanga kurasa za ripoti, na kazi hiyo ikatuchukulia siku nyingi bila kupunguza lalamiko hata moja. Kosa halikuwa kwenye hifadhidata wala kwenye mtandao. Lilikuwa kwenye namna nilivyokuwa nikipima, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu ni kosa ambalo mtu makini kabisa anaweza kulifanya akiwa na vifaa bora vya kupimia.

Kwanza lazima nieleze jambo ambalo nililijua kwa maneno muda mrefu kabla ya kulielewa. Kontena si kompyuta ndogo iliyo ndani ya kompyuta kubwa. Ni michakato ya kawaida ya Linux ambayo kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, imeitenga na kuiwekea mipaka, na mipaka ya prosesa na kumbukumbu inasimamiwa na sehemu ya kerneli iitwayo cgroups. Sehemu hiyo ilianza kutengenezwa na wahandisi wa Google mwaka 2006, ikaingizwa katika kerneli ya toleo la 2.6.24 mwanzoni mwa 2008, na mfumo wake wa pili, ambao ndio seva nyingi za sasa zinautumia, ulitangazwa kuwa tayari katika kerneli ya toleo la 4.5 mwaka 2016. Maana yake kwa mpimaji ni kubwa. Ukiingia ndani ya kontena na kuendesha amri za top au free, tarakimu unazoziona kwa kawaida ni za seva nzima, kwa sababu faili zinazosomwa na amri hizo hazijui habari za mipaka ya kontena lako. Kontena lenye kikomo cha gibibaiti 1 litakuambia lina gibibaiti 64, na lenye kiini kimoja, yaani sehemu moja ya prosesa inayoweza kufanya kazi peke yake, litakuambia lina viini 16. Programu nazo husoma faili hizo hizo, kisha hujipanga kwa kufuata ukubwa ambao hazikupewa.

Hapo ndipo huduma yetu ya ripoti ilipoanza kuumia. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Go, ikaendeshwa kwenye seva yenye viini 16, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiwekea kikomo cha kiini kimoja. Nilidhani kwamba kikomo hicho kinafanya kazi kama bomba jembamba, yaani kwamba kila wakati kontena litapata mtiririko wa kiini kimoja, si zaidi. Kerneli haifanyi hivyo. Hugawa muda katika madirisha, na katika mipangilio ya kawaida ya Kubernetes, mfumo unaopanga na kusimamia makontena kwenye seva nyingi, kila dirisha lina milisekunde 100. Kontena lenye kikomo cha kiini kimoja hupewa milisekunde 100 za kazi katika kila dirisha, na linaruhusiwa kuzitumia kwa viini vingi kwa pamoja. Programu ya Go ilipoona viini 16 iliamsha nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba, kwa kadiri hiyo. Nyuzi 16 zikifanya kazi kwa wakati mmoja humaliza milisekunde 100 za kazi ndani ya milisekunde 6.25 za saa ya ukutani. Milisekunde 93.75 zinazobaki, kontena zima limesimamishwa. Halipokei ombi, halijibu, wala halimalizii ombi lililobakisha hatua moja tu. Linangoja dirisha lijalo.

Sasa tufanye hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Dakika moja ina madirisha 600. Chukua kwamba katika madirisha 120 huduma ilipata kazi nyingi ikatumia milisekunde zote 100, na katika madirisha 480 yaliyobaki ilitumia wastani wa milisekunde 12.5 tu. Madirisha ya kwanza yanatoa sekunde 12 za kazi, ya pili sekunde 6, jumla sekunde 18 kati ya sekunde 60. Hiyo ndiyo asilimia 30 niliyokuwa nikiitazama. Ilikuwa tarakimu ya kweli, na ndani yake dirisha moja kati ya kila matano lilikuwa limebanwa. Wala madirisha hayo hayakutokea ovyo: yalitokea pale pale watumiaji walipoomba ripoti, kwa sababu maombi yao ndiyo yaliyoleta kazi. Huduma ilikuwa ikipumzika wakati hakuna anayeihitaji na kusimamishwa wakati anayeihitaji amefika, kisha grafu ikachanganya hali hizo mbili na kuniletea wastani.

Nilipata ukweli nilipoacha grafu na kusoma faili ya cpu.stat ya cgroup ya kontena lenyewe. Faili hiyo ina hesabu ya madirisha yaliyopita, nr_periods, na hesabu ya madirisha ambamo kontena lilibanwa, nr_throttled, pamoja na jumla ya muda uliopotea katika kubanwa. Nilisoma mara mbili, nikaacha dakika kumi katikati, nikatoa ya kwanza kwenye ya pili. Nakumbuka kwamba nilirudia zoezi hilo mara tatu kwa sababu sikuamini kuwa jibu la wiki tatu lilikuwa kwenye mistari mitatu ya faili ambayo ilikuwepo siku zote. Takwimu hizo hukusanywa pia na cAdvisor, chombo kilicho ndani ya kubelet, programu ya Kubernetes inayosimamia makontena kwenye kila seva, kwa hiyo zilikuwa tayari zimehifadhiwa katika Prometheus, hifadhi yetu ya vipimo. Hakuna aliyezichorea grafu.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Tuliiambia programu, kupitia kigezo cha GOMAXPROCS, kwamba isiendeshe kazi kwenye viini zaidi ya viwili, tukaongeza kikomo kuwa viini viwili, na ucheleweshaji ukashuka siku hiyo hiyo. Toleo la Go la 1.25 lililotoka mwaka 2025 hujisomea kikomo cha cgroup, hivyo anayeanza leo kwa lugha hiyo ana nafasi ndogo ya kuanguka nilipoanguka mimi. Lakini si lugha zote zilizofika hapo, na maktaba nyingi zinazoamsha nyuzi zake zenyewe bado huhesabu viini vya seva. Anayeendesha kerneli ya zamani ana sababu ya ziada ya kuangalia, kwa kuwa kerneli zilizotangulia toleo la 5.4 zilikuwa na hitilafu iliyoweza kulibana kontena hata kabla halijamaliza mgao wake wa dirisha, hasa kwa programu zenye nyuzi nyingi kwenye seva zenye viini vingi.

Kutokana na tukio hilo nilianza kutofautisha maswali mawili ambayo hapo awali niliyaona kuwa ni moja. Swali la kwanza ni kiasi gani kimetumika. Swali la pili ni nani amengojeshwa, na kwa muda gani. Karibu kila dashibodi hujibu la kwanza kwa sababu ni rahisi kulichora, ilhali mtumiaji anaishi ndani ya la pili. Tangu toleo la 4.20, lililotoka mwishoni mwa 2018, kerneli ya Linux hutoa kipimo cha swali hilo la pili moja kwa moja, kinachofupishwa kama PSI (Pressure Stall Information). Hueleza ni sehemu gani ya muda ambapo angalau kazi moja ilikwama ikingoja prosesa, kumbukumbu au diski, na ni sehemu gani ambapo kazi zote zilikwama kwa pamoja, kwa wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Katika mfumo wa pili wa cgroups kipimo hicho hupatikana kwa kila kontena. Ningelazimishwa kubakiza grafu moja tu kwa kila rasilimali, ningebakiza hiyo na kufuta ya matumizi, na ninajua kwamba wapo wenzangu ambao hawatakubaliana nami.

Kumbukumbu ilinifundisha kwa njia ngumu zaidi. Prosesa ikipungua, programu hupungua kasi. Kumbukumbu ikipungua, programu hufa. Huduma nyingine tuliyokuwa tukiitunza, ya kutafuta nyaraka, iliyoandikwa kwa Java, ilianza kuanguka mara mbili au tatu kwa siku ikiacha namba 137 kama sababu ya kufa. Namba hiyo ni 128 ikijumlishwa na 9, na 9 ni ishara ya kuua mchakato bila kuupa nafasi ya kuaga. Ndiyo maana logi za programu zenyewe hazikuwa na neno: zilikatika katikati ya sentensi. Kikomo kilikuwa mebibaiti 1,024, na grafu yetu haikuwahi kuonyesha matumizi ya zaidi ya mebibaiti 880. Mtu mmoja katika timu alisema kwa uhakika kwamba kerneli ina hitilafu, nami, lazima nikiri, nilielekea kukubaliana naye.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyofichana. La kwanza lilikuwa kipindi cha kusoma. Vipimo vyetu vilisomwa kila baada ya sekunde 30, na nyaraka moja kubwa ilipopakiwa, kumbukumbu ilipanda na kushuka ndani ya sekunde nne hivi. Grafu ilikuwa ikituonyesha bonde na kuruka mlima uliokuwa katikati ya visomo viwili. Kila kisomo kilikuwa sahihi kwa sekunde yake. Kipimo kilichotufaa kilikuwa faili ya memory.peak, iliyoongezwa katika kerneli ya 5.19, ambayo hushikilia kiwango cha juu kabisa ambacho cgroup imewahi kufikia, haijalishi kama kuna aliyekuwa akitazama au la. Kwenye seva ambazo hazikuwa na faili hiyo tulisoma matumizi kila baada ya robo ya sekunde kwa muda wa saa chache, kazi ambayo haifai kuachwa ikiendelea siku zote lakini inatosha kwa uchunguzi.

Jambo la pili lilikuwa mipangilio ya Java yenyewe. Tulikuwa tumeiruhusu lundo lake, mahali ambapo vitu vya programu huhifadhiwa, kukua hadi mebibaiti 1,024, sawasawa na kikomo cha kontena, kana kwamba lundo ndilo kumbukumbu yote. Sivyo. Mashine ya Java inahitaji pia nafasi ya taarifa za madarasa ya programu, nafasi ya msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa prosesa, nafasi ya nyuzi, ambazo kila moja huweza kutengewa hadi megabaiti moja ingawa huhesabiwa zile kurasa zilizoguswa tu, na nafasi ya bafa za mtandao zinazokaa nje ya lundo. Hivyo vyote huhesabiwa na cgroup. Tulishusha lundo hadi mebibaiti 640, tukaacha kikomo palepale, na vifo vikakoma. Nimewahi pia kukuta huduma za zamani zaidi, zinazotumia Java ya kabla ya toleo la 10 na kabla ya sasisho la 8u191, yote mawili ya mwaka 2018, ambazo hazikujua kikomo cha kontena hata kidogo: zilichukua robo ya kumbukumbu ya seva nzima kuwa ukubwa wa juu wa lundo. Kwenye seva ya gibibaiti 64 hiyo ni gibibaiti 16, ndani ya kontena la gibibaiti moja.

Baada ya hapo nilianza kuogopa kila mstari unaopanda, na woga huo nao ukanipoteza njia. Huduma ya tatu ilikuwa inaandika faili nyingi za muda kwenye diski, na matumizi yake ya kumbukumbu yalipanda taratibu kutwa nzima hadi karibu na kikomo, kisha yakabaki hapo bila huduma kufa. Tulitumia siku nne kutafuta mvujo ndani ya programu. Mvujo haukuwepo. Kerneli huweka nakala za faili zilizosomwa au kuandikwa katika kumbukumbu ili zisomwe upesi zikihitajika tena, na nakala hizo huandikwa kwenye hesabu ya kontena lililozileta. Kumbukumbu ikihitajika kwa kazi nyingine, kerneli huzitupa. Tarakimu ya matumizi ghafi kwa hiyo huchanganya kumbukumbu ambayo programu haiwezi kuishi bila hiyo na kumbukumbu ambayo kerneli imeikalia kwa sababu tu hakuna mwingine anayeitaka. Kubernetes yenyewe hutumia tarakimu nyingine, inayotoa kwenye jumla zile nakala za faili ambazo hazijaguswa karibuni, na hiyo ndiyo inayoangaliwa seva inapoelemewa na podi, yaani kontena au makontena yanayoendeshwa pamoja kama kitu kimoja, zinapaswa kuondolewa. Hata hiyo si safi, maana nakala zilizoguswa karibuni hubaki ndani yake. Mimi sasa hufungua memory.stat na kusoma mstari wa anon, wa kumbukumbu ya programu yenyewe, kando na mstari wa file, wa nakala za faili, na hapo ndipo mvujo wa kweli hujionyesha: anon inapopanda siku hadi siku bila kurudi, kuna kitu cha kutafuta. Tahadhari moja ni kwamba faili zilizowekwa kwenye diski ya kubuni iliyo ndani ya kumbukumbu hazitupwi hivyo. Hizo hukaa mpaka zifutwe, na zimewahi kuua kontena ambalo programu yake haikuwa na kosa lolote.

Kuhusu vipimo vyenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni jambo la kusoma mara moja na kulikumbuka. Prosesa huandikwa kwa sehemu za elfu za kiini, hivyo 250m ni robo ya kiini. Herufi hiyo hiyo ndogo ya m ikiwekwa kwenye kumbukumbu bado humaanisha sehemu ya elfu, kwa hiyo 400m ya kumbukumbu ni sehemu nne za kumi za baiti moja. M kubwa ni baiti milioni, na Mi ni baiti 1,048,576. Tofauti ya 512M na 512Mi ni baiti milioni 24 na zaidi, karibu asilimia 5, na huduma inayoishi karibu na kikomo chake inaweza kufia ndani ya asilimia hizo.

Swali lililonichukua muda mrefu zaidi kuliko yote ni hili: ukishajua kusoma, unapima nini ili kuamua tarakimu za kuandika? Kubernetes inadai tarakimu mbili kwa kila rasilimali. Kuna kiasi ambacho kontena linaombewa, ambacho mimi hukiita mgao, na kuna kikomo. Mgao ndio unaotumiwa kuamua podi iwekwe seva gani, na kwa upande wa prosesa ndio unaogeuzwa kuwa uzito wa kugawana pale viini vinapogombaniwa. Kikomo ni ukuta. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiandika tarakimu hizi kwa kunakili za huduma ya jirani, na matokeo yake ni kwamba seva zilionekana zimejaa kwenye hesabu ya migao huku viini vyake vimelala.

Njia ninayoitumia sasa huanza kwa kuendesha huduma peke yake kwenye seva ya majaribio bila kikomo cha prosesa na kwa kikomo cha kumbukumbu kilichoachiwa nafasi kubwa. Kisha naipelekea maombi yanayofanana na ya kweli, nikiongeza kasi hatua kwa hatua, na kila hatua naiacha ikae kwa dakika 10 au 15. Ninachokitafuta ni mahali ambapo muda wa kujibu unakunjika, yaani ambapo kuongeza maombi kidogo kunaongeza kungoja kwingi. Sitazami wastani wa muda wa kujibu. Natazama muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki, kwa sababu lile moja lililobaki ndilo linaloniandikia barua ya malalamiko. Matumizi ya prosesa mahali hapo pa kukunjika, na si matumizi ya siku ya kawaida, ndiyo yanayoniambia uwezo wa kontena moja. Mgao nauandika chini kidogo ya hapo, kwa kiasi ambacho nakala zote za huduma zinazoendeshwa kwa pamoja zikijumlishwa zitabeba saa yenye kazi nyingi hata nakala moja ikianguka.

Napima pia kuwaka kwa huduma, na hili nilifundishwa na usiku mmoja ambao sitausahau. Programu za Java hula prosesa nyingi sana zinapoanza, kwa sababu madarasa yanapakiwa na msimbo unatafsiriwa, kisha hutulia. Tulipima huduma ikiwa imetulia, tukaona nusu ya kiini inaitosha, tukaandika kikomo hicho. Kwa wiki nyingi hakuna kilichotokea, kwa kuwa haikuwashwa upya. Usiku huo seva moja iliharibika, podi zikahamishiwa seva nyingine, na huduma ikaanza kuwaka ndani ya nusu ya kiini. Haikuwahi kumaliza kabla ya uchunguzi wa uhai, ambao Kubernetes huufanya kila mara kuona kama huduma inajibu, kuiona kuwa mfu na kuiua, nayo ikaanza upya, ikauawa tena. Wateja walikaa saa nzima bila huduma ambayo haikuwa na kasoro yoyote ila tarakimu moja niliyoiandika kwa kupima saa isiyofaa. Sasa hakuna huduma inayopita mikononi mwangu bila kipimo cha kuwaka, na uchunguzi wa mwanzo umetenganishwa na uchunguzi wa uhai.

Upande wa kumbukumbu jaribio fupi halitoshi. Saa ya kwanza ya programu haifanani na siku yake ya tano, kwa maana akiba za ndani zinajaa na kumbukumbu inakatikakatika vipande ambavyo programu haivirudishi kwa kerneli. Naiacha huduma ikiwa na mzigo wa wastani kwa siku tatu au nne kabla ya kuamini kilele chake. Na pale kazi inapokuwa na msimu, kama hesabu za mwisho wa mwezi, nangoja mwisho wa mwezi. Kipo chombo cha Kubernetes kinachopendekeza migao kwa kutazama historia, na nimekitumia kwa faida, lakini katika mipangilio yake ya awali uzito wa kipimo hupungua kwa nusu kila saa 24. Kwa huduma inayofanya kazi nzito siku moja tu ya mwezi, siku hiyo itakuwa imefifia kabisa kabla ya kurudi.

Kuna badiliko moja la tarakimu ambalo lilitupa somo lingine kwa pembeni. Mfumo wa kuongeza nakala za podi kwa kufuata prosesa huhesabu asilimia ya mgao, si ya kikomo. Huduma moja ilikuwa na mgao wa 200m na lengo la asilimia 70, hivyo nakala mpya ziliongezwa kila nakala iliyopo ilipovuka 140m. Tulipopima vizuri na kusahihisha mgao kuwa 1000m, hatua ya kuongeza nakala ilihamia 700m, na huduma iliyokuwa na nakala tisa ikashuka hadi mbili usiku kucha. Tarakimu mpya ilikuwa sahihi zaidi kuliko ya zamani, lakini lengo lilikuwa limewekwa kwa ajili ya ile ya zamani, nasi hatukuligusa.

Wengi huniuliza kama kikomo cha prosesa kiwepo kabisa. Kwa huduma zinazojibu watu moja kwa moja, mimi siku hizi huandika mgao uliopimwa kwa uaminifu bila kuweka kikomo cha prosesa, kwa sababu uzito unaotokana na mgao tayari huwalinda majirani viini vinapogombaniwa, na viini visivyogombaniwa havina sababu ya kulala wakati mtu anangoja. Kwa kumbukumbu hufanya kinyume: mgao na kikomo huwa sawa, ili seva isije ikaahidi kumbukumbu ambayo haina. Si kanuni ya mahali pote. Podi isiyo na kikomo cha prosesa hupoteza daraja la juu la uhakika katika Kubernetes, na pamoja nalo hupoteza uwezekano wa kutengewa viini vyake peke yake, jambo ambalo baadhi ya kazi zinalihitaji kwa kweli. Na kazi za usiku zisizo na mtu anayezingoja, hizo huziwekea kikomo bila wasiwasi.

Huduma ya ripoti bado inafanya kazi. Mgao wake ni 1200m, kikomo cha prosesa kimeondolewa, GOMAXPROCS imebaki 2, na kumbukumbu ni mebibaiti 768 kwa mgao na kwa kikomo. Katika dashibodi yake grafu ya kwanza kutoka juu ni ya muda uliopotea kwa kungoja prosesa, ya pili ni ya muda wa kujibu kwa maombi 99 kati ya 100, na ile ya asilimia ya matumizi ipo chini kabisa, kwa ajili ya wanaopanga idadi ya seva. Toleo linalofuata la programu linabadilisha maktaba ya kuchora majedwali, kwa hiyo jaribio la mzigo litarudiwa kabla ya toleo hilo kutoka, kuanzia kuwaka hadi siku ya nne.